UZI: Mzee ameanza kusahau. Ni umri, ni dalili za mwanzo, au ni dawa anazokunywa?

Tabibu_Mlimani (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Wazee wetu mliomo humu, shikamooni.

Nafanya kazi kliniki ya wazee mkoani Kilimanjaro. Mara nyingi mzee huletwa na mwanawe, na mwana huanza hivi: "Daktari, mama anasahau, lakini nadhani ni uzee tu." Wengine huja wamekwisha kata shauri upande wa pili. Wamesoma mtandaoni, wakaamua mama ana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, na wameanza kupangiana zamu za kumlinda. Wote hao wameruka hatua ya katikati, na ndiyo ninayotaka tuizungumze, maana hapo ndipo penye nafasi kubwa ya kumsaidia mzee.

Kwenye faili madaktari huiandika kwa herufi MCI. Kwa lugha yetu ni kupungua kidogo kwa uwezo wa akili. Kumbukumbu, au kupanga mambo, au kupata maneno, au kujua njia, kumeshuka kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umri na elimu ile, ila mzee bado anajiendesha mwenyewe. Dkt. Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliiwekea vigezo mwaka 1999, na kliniki nyingi duniani bado zinapita humo.

Tunatazama mambo manne. Kwanza, mzee mwenyewe au anayeishi naye awe ameona mabadiliko. Mtu ambaye tangu ujana hakumbuki majina ya watu, akisahau leo hana jipya. Pili, kipimo kionyeshe upungufu kweli. Tatu, shughuli za kila siku ziwe bado zinakwenda, hata kama kwa taratibu zaidi. Nne, isiwe imefika kwenye dimensia, yaani akili kushuka hadi mtu hawezi tena kujiendesha mwenyewe.

Hilo la tatu ndilo mpaka. Mama akisahau alipoweka funguo, akatulia, akakumbuka, hiyo ni kawaida. Akianza kuuliza swali lilelile jioni moja, akisahau kikao alichokiitisha mwenyewe, hesabu za kikoba zikimchukua nusu siku lakini mwishoni zikatoka sawa, hapo nafikiria hatua ya katikati. Akiwa hawezi tena kwenda dukani na noti ya elfu kumi akarudi na sukari na chenji kamili, au amepotea njia ya kanisani aliyoipita miaka yote, tumeshavuka.

Je, ni wengi? Mwaka 2018 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kilikusanya tafiti nyingi pamoja. Walikuta kama asilimia 6.7 ya watu wa miaka 60 hadi 64 wako kwenye hatua hii, na ikafika asilimia 25.2 kwa wa miaka 80 hadi 84. Nyingi ya tafiti hizo ni za nchi tajiri, kwa hiyo msizibandike juu ya kijiji chenu kama zilivyo. Lakini kuna tarakimu nyingine humo ambayo huwasomea ndugu polepole: waliozidi miaka 65 wakiwa na hali hii, baada ya miaka miwili asilimia 15 hivi walikuwa wamepata dimensia. Maana yake wengi walikuwa bado hawajafika huko, na wapo waliopimwa tena wakakutwa sawa.

Kwa hiyo mzee akiambiwa yuko hatua hii, kazi ndiyo imeanza: kutafuta sababu. Nitaeleza vipimo na sababu zinazotibika kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

Mmachame_Halisi

Asante sana daktari, uzi huu umenikuta pabaya. Mama yangu ana miaka 74. Nyumba yake safi, kuku wanakula, anapika. Ila amekuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu kabla sijazaliwa, na mwaka jana kwenye mahari ya mdogo wangu ilimshinda. Ndizi alizichemsha vizuri, zikakaa siku zake. Ilipofika kuweka mso, ule uji wa ulezi, akasimama pale, akaniuliza, "Msesewe nimeshatia?" Ndilo lile gome chungu, na alikuwa ameutia. Akatia tena. Pombe ikawa chungu watu wakaiacha. Shangazi akasema kazeeka, apumzike. Mimi moyo haujatulia.

Tabibu_Mlimani

Mkuu, moyo wako uko sahihi. Kupika chakula cha kila siku ni kazi ambayo mikono inaikumbuka yenyewe. Mbege ni kazi ya siku nyingi yenye mpangilio: kipi kimetangulia, kipi kimeingia, kipi bado. Ubongo ukianza kuchoka, kazi za namna hiyo ndizo hutoa taarifa mapema, wakati ugali na mboga bado vinakwenda. Ndiyo maana nikimhoji ndugu siulizi "anaweza kazi za nyumbani?" Nauliza kazi ngumu kuliko zote aliyokuwa anaifanya mzee huyu. Kwa mwingine ni kusuluhisha ugomvi wa mipaka, kwa mwingine kushona vitenge, kwa mwingine kutunza daftari la ushirika wa kahawa. Halafu nauliza anaifanyaje sasa, nani anamsaidia, na msaada huo ulianza lini.

Tukio moja halitoshi kumwekea mama jina la ugonjwa. Mlete. Na mwambie shangazi asimpumzishe kazi zote. Mzee akinyang'anywa kila kitu kwa siku moja, hata uwezo aliobaki nao unapungua haraka.

Binti_wa_Temeke

Samahani daktari, nina dukuduku. Nilimpeleka baba hospitali fulani kubwa, siitaji. Alisoma hadi darasa la nne, kisha maisha yake yote akawa fundi seremala. Kijana pale akampa karatasi. Achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, achore boksi lenye pande, aunganishe namba na herufi kwa zamu, ahesabu 100 kutoa saba kurudi nyuma. Baba mkono ulitetemeka kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Akapata 14 kati ya 30. Yule kijana akaandika "dimensia", hata mimi hakuniuliza neno. Baba yangu huyu anapima mbao kwa jicho, anakata, na mlango unaingia kwenye fremu bila kupigwa randa mara ya pili! Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za hospitali. Ni haki?

Tabibu_Mlimani

Pole sana dada, na pole kwa mzee. Kipimo unachokieleza kinafanana na MoCA. Kilitengenezwa Montreal, Kanada, na Dkt. Ziad Nasreddine, kikachapishwa mwaka 2005. Ni kipimo kizuri, hasa kwa kunasa hatua hii ya katikati, ambayo kile cha zamani cha mwaka 1975, MMSE, huipitisha bila kuiona. Lakini kila kipimo kina watu wake. MoCA inahesabu 26 kwenda juu kuwa kawaida, na aliyesoma miaka 12 au pungufu anaongezewa alama moja tu. Alama moja! Mtu aliyeacha shule darasa la nne na hajashika kalamu tangu hapo, kuchora boksi si kipimo cha kumbukumbu yake, ni kipimo cha shule aliyoikosa. Hata huko walikoanzia, watafiti wamekuja kuona kwamba mpaka wa 26 unawapa watu wenye afya ugonjwa wasionao, na wengine wanashauri ushuke mpaka 23. Lipo pia toleo la MoCA lililopunguzwa kwa ajili ya watu wenye elimu ndogo.

Ngoja niwaeleze la nyumbani, maana ni jambo la kujivunia. Wilaya ya Hai, hapa Kilimanjaro, ni moja ya sehemu chache za vijijini barani Afrika ambako dimensia imehesabiwa nyumba kwa nyumba. Wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Ilipolinganishwa kwa umri, ilikuwa kama asilimia 6.4 wenye dimensia. Katika kazi hiyo ndipo Watanzania na wenzao wa Uingereza walipoona vipimo vya karatasi haviwatendei haki wazee wasio na shule, wakatengeneza kingine kiitwacho IDEA. Kina alama 15, na mzee hahitaji kushika kalamu.

Nieleze kinavyokwenda mezani, maana kukiona ni tofauti na kukisoma. Unamsomea mzee orodha ya maneno kumi ya kawaida, anayarudia, unamsomea tena. Unamwambia ataulizwa tena baadaye. Unamuuliza leo ni siku gani. Kiongozi wa hapa ni nani. Daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wote anaowakumbuka ndani ya dakika moja. Hapo wazee wa mlimani huanza na ng'ombe, mbuzi, kuku, kisha wanaingia porini, na mwenye akili iliyotulia utamsikia akipanga kwa makundi: wa nyumbani, wa porini, wa majini. Anayepungukiwa hutaja mbuzi, ng'ombe, halafu mbuzi. Kisha unatoa njiti nne za kiberiti, unapanga umbo, unalivuruga, unampa alipange. Nimeona bibi ambaye hakuwahi kuingia darasani akizipanga njiti zile na vichwa vyake vyote vikaelekea kulekule, bila kuangalia mara mbili. Mpe kalamu bibi yuleyule, atakwambia macho yanamuuma. Mwisho unarudi kwenye yale maneno kumi.

Angalizo: IDEA ilitengenezwa kukamata dimensia. Mzee wa hatua ya katikati anaweza kuipita vizuri kabisa. Kwa hiyo alama ndogo haitoshi kuhukumu, na alama kubwa haitoshi kumrudisha nyumbani kama mwanawe anasema amebadilika. Ndiyo maana lazima tuwaulize ninyi mnaoishi naye. Kuandika jina la ugonjwa bila kumsikia mtu wa nyumbani ni kazi nusu, nasema hivi nikiwa ndani ya kazi yenyewe.

Kwa baba: mpeleke kwingine akapimwe upya, na safari hii nenda na picha ya mlango alioutengeneza mwezi huu na ule wa miaka mitano nyuma. Sitanii.

Nesi_Mstaafu_Tanga

Hamjambo wanangu. Tabibu, ruhusu nikuongezee, maana nimekaa wodini tangu enzi za kuchemsha sindano.

Kabla ya karatasi yoyote, mwambieni mzee aje na mfuko wa dawa. Siyo orodha, mfuko wenyewe. Mmwage mezani. Alikuja kwetu baba mmoja analala mchana, anamwita mke wake kwa jina la dada yake, usiku anatangatanga. Tukaufungua mfuko. Amitriptilini, alipewa kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Diazepamu, alinunua duka la dawa apate usingizi. Zile za mafua ambazo watu wanaita piritoni, anakunywa kila usiku kwa sababu jirani alimwambia zinalaza. Na nyingine ya tumbo. Hakuna aliyejua anazo zote. Kila daktari aliona yake. Daktari wetu alizipunguza moja moja, wiki baada ya wiki, na baba yule akarudi kulisimulia gazeti asubuhi kama zamani.

Tabibu_Mlimani

Mama, shikamoo, umesema jambo kubwa kuliko yangu yote. Dawa ulizozitaja zinaziba kemikali ambayo ubongo unaitumia kukumbuka, au zinaulaza ubongo mchana kutwa. Figo na ini la mzee haviziondoi mwilini kwa kasi ya kijana. Niongeze benzeksoli inayotolewa kwa kutetemeka, nayo ni kali kwa kumbukumbu.

Tafadhali sana, msikimbilie kuzitupa leo usiku. Diazepamu iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. Inapunguzwa na daktari.

Sababu nyingine ambazo nazitafuta kabla sijasema ubongo unakufa:

Vitamini B12. Mzee mwenye kisukari aliyekunywa metiformini miaka mingi, tena akiwa na omeprazoli ya vidonda vya tumbo, B12 yake inaweza kushuka. Utasikia ganzi za miguu, uchovu, ulimi kuuma, na akili kuwa nzito. Kipimo chake hakipo kila mahali, lakini hata picha nzima ya damu inaweza kutudokeza seli zikiwa kubwa kuliko kawaida. Matibabu ni sindano au vidonge vya bei ya kawaida.

Sukari kushuka. Hii nasisitiza kwa wenye wazee wanaotumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Mzee akiruka chakula cha jioni, sukari inashuka usiku, asubuhi anaamka haeleweki, akinywa chai yenye sukari anarudi. Familia inaita usahaulifu.

Tezi ya shingo ikilegea. Upungufu wa damu. VVU na kaswende, na hapa watu hunikasirikia: "Unampima mama yangu kaswende?" Ndiyo, nampima, kwa sababu vyote viwili vinaingia kwenye ubongo na vyote vina dawa. Pombe. Kukoroma kwa kupaliwa usiku. Na damu iliyovilia chini ya fuvu: mzee alianguka bafuni mwezi uliopita, akainuka, akasema hajambo, na sasa anazidi kupotea. Huyo anahitaji picha ya CT haraka, na upasuaji unaweza kumrudisha.

Halafu sonona. Mjane aliyefiwa na mumewe wa miaka arobaini hasikilizi unayomwambia, kwa hiyo hayakumbuki. Ukimpima atakujibu "sijui" kabla hujamaliza swali, tofauti na mwenye ugonjwa wa kumbukumbu, ambaye mara nyingi hujaribu, hukosea na hutetea jibu. Wote wanahitaji msaada, ila msaada wenyewe ni tofauti.

Ng'wana_Shinyanga

Mimi nitasema lisilosemwa. Kanda ya Ziwa bibi akianza kuongea usiku, akaingia nyumba isiyo yake, akasahau jina la mjukuu, hakuna anayewaza hospitali. Wanawaza uchawi. Na kama macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, basi ushahidi umekamilika. Wazee wetu wameuawa kwa mapanga kwa mambo haya. Nikisoma uzi huu nawaza wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu.

Nesi_Mstaafu_Tanga

Mwanangu, hilo limeniliza. Hata huku pwani hawauawi, lakini wanafungiwa chumbani. Mimi nilipokuwa kazini nikimwona bibi wa namna hiyo, nilimfuata mwenyekiti wa kitongoji na shekhe au mchungaji kabla ya kumfuata mtoto. Niliwaambia kwa mdomo wangu: huyu ni mgonjwa, jina la ugonjwa wake ni hili, na cheti chake hiki hapa. Kukiwa na cheti, maneno ya kijiweni yanapungua nguvu. Wewe uliye huko, fanya hivyo kwa bibi wa jirani yako.

Ng'wana_Shinyanga

Asante mama. Kuna mmoja namfahamu. Jumatatu nitaanza na mtendaji.

Mswahili_Dallas

Wakuu salaam. Mama yuko Morogoro, mimi niko Marekani, tunaongea kwa simu kila Jumapili. Siku hizi namsikia anasitasita kwenye majina, anasema "yule, nanii, mtoto wa nanii." Huku matangazo ya sindano mpya za Alzheimer yapo mpaka kwenye televisheni. Naweza kuchangisha hela nimlete atibiwe? Naomba ukweli, daktari.

Tabibu_Mlimani

Ukweli basi. Zipo mbili. Lekanemabu ilipata kibali kamili Marekani Julai 2023, na donanemabu ikafuata Julai 2024. Zimeruhusiwa kwa hatua ya katikati na mwanzo wa dimensia, lakini pale tu ambapo imethibitishwa kwamba ubongo una uchafu wa amiloidi, ule wa Alzheimer. Kuthibitisha kwa kawaida kunataka picha maalumu za PET au maji ya uti wa mgongo. Lekanemabu huanza kwa kuingizwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili, na katika safari hiyo mgonjwa anarudishwa kwenye picha ya MRI mara kwa mara, kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Katika utafiti wake mkubwa wa miezi 18, ilipunguza kasi ya kuporomoka kwa asilimia 27. Kupunguza kasi. Waliopewa waliendelea kushuka, taratibu zaidi.

Mama yako hajapimwa hata presha kwa ajili ya tatizo hili. Kutafuta majina kwa simu, peke yake, hakuniambii mengi. Wengi wetu tukizeeka majina hutuchelewa na baadaye huja. Muulize anayeishi naye kama anarudia maswali, kama hesabu zinamsumbua, kama anaacha kwenda kikundini. Kabla ya kuchangisha nauli, toa hela ya damu, macho, masikio na presha hukohuko Morogoro.

Na zile dawa za vidonge za zamani kama donepezili: kwa hatua hii ya katikati, mapitio ya 2018 ya kile chama cha Marekani nilichokitaja mwanzo hayakuona kwamba zinasaidia. Zina nafasi yake kwenye dimensia. Mkiuziwa "vitamini za ubongo" kwa laki mbili, fungeni pochi.

Mswahili_Dallas

Umeniokolea mkopo. Dada yangu anaishi naye, nampigia leo.

Kijana_wa_Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Babu hasikii vizuri, kwa hiyo tukiongea yeye anakaa kimya, kisha anajibu jambo jingine kabisa. Nyumbani wameanza kusema akili imeruka. Je, masikio yanaweza kuleta haya?

Tabibu_Mlimani

Yanaweza, kwa njia mbili. Ya kwanza: asiyesikia swali hawezi kulijibu, kwa hiyo anaonekana amepotea. Anza kwa kumwangalia nta ya masikio, unaweza kushangaa. Ya pili ni ya muda mrefu. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kuguswa, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa kama yangeguswa yote. Usikivu kupungua ni kati ya yenye uzito mkubwa. Macho yasiyotibiwa yameingia pia, kwa hiyo mtoto wa jicho nao usisubiri. Mengine mnayafahamu: presha, kisukari, kolesteroli, sigara, pombe, unene, kukaa bila mazoezi, kuumia kichwa, sonona, upweke, moshi na hewa chafu, na kukosa shule utotoni.

Kama ningeambiwa nichague moja kwa wazee wa mtaani kwetu, ningechagua presha. Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliotoka 2019, ulishusha namba ya juu ya presha ya watu hadi chini ya 120 badala ya kuishia chini ya 140, na waliofika kwenye hatua hii ya katikati wakapungua kwa asilimia 19. Siyo kila mzee anaweza kushushwa hivyo. Wengine wakisimama wanaona kizunguzungu na wanaanguka. Hilo mtu na daktari wake. Lakini mzee mwenye 170 juu anayekunywa dawa "siku kichwa kikiuma" anauharibu ubongo kidogo kidogo bila kuhisi chochote.

Na mazoezi. Mapitio ya 2018 yalishauri mara mbili kwa wiki. Kupanda mgomba na kushuka shambani kunahesabika.

Mke_Mwenza_wa_Zamani

Daktari, naingia kwa haraka. Baba mkwe alikuwa mzima kabisa. Tangu juzi haeleweki, anashika shika hewani, usiku hakulala, leo asubuhi akawa sawa kidogo, sasa kaanza tena. Ndiyo hiyo hatua ya katikati?

Tabibu_Mlimani

HAPANA dada. Acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi. Hali ya katikati inakuja kwa miezi na miaka. Inayokuja kwa siku mbili, ikapanda na kushuka, mara nyingi ni mwili unaumwa: maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, sukari, maji kupungua, mkojo kuziba, au kiharusi. Pimeni sukari njiani kama kuna kipimo. Beba dawa zake zote. Tujulishe.

Mke_Mwenza_wa_Zamani

Tumefika. Mkojo ulikuwa umeziba, wameweka mpira, na wamesema una maambukizi. Ametulia, ameuliza kama mechi imeisha. Mungu awabariki.

Binti_wa_Temeke

Alhamdulillahi. Daktari, narudi kwangu. Baba amekubali kujaribu tena, kwa masharti kwamba nisikae pembeni nikimjibia. Niandae nini? Na kuna jambo la nyumba. Kaka anasema kama kipimo kikionyesha kweli kuna shida, baba asiguse tena hati wala asiandike wosia.

Tabibu_Mlimani

Masharti ya baba yako ni mazuri, yaheshimu. Aingie peke yake kwanza, kisha wewe uhojiwe kando, siyo mbele yake. Hakuna mzee anayependa kusikia bintiye akimsomea makosa.

Andika kwenye karatasi moja: kitu gani kilibadilika kwanza, mwezi gani kwa kukadiria, kama kilikuja taratibu au kwa kishindo, kama aliwahi kuanguka, usingizi wake, hamu ya kula, pombe, nani kwenye ukoo alikuwa na hali hii. Mfuko wa dawa, pamoja na za mitishamba. Miwani yake. Nenda asubuhi akiwa amekula. Kama amefikisha miaka 60, ulizia dirisha la wazee na mwende na kitambulisho. Sema mapema kwamba kasomea darasa la nne, na uulize kipimo kitakachotumika kinafaa mtu wa elimu hiyo. Una haki ya kuuliza. Wakimkuta kwenye hatua ya katikati, omba tarehe ya kurudi kati ya miezi sita na mwaka, na omba nakala ya alama, ili atakayempima mara ya pili amlinganishe baba na yeye mwenyewe.

Kuhusu kaka: amegeuza mambo. Mtu wa hatua ya katikati mara nyingi bado anaelewa mali yake ni ipi, warithi wake ni nani, na anataka nini. Wakati wa kuandika wosia, kuelekeza nani ashike hesabu zake na nani amsemee hospitalini, ni huu, akiwa anaweza kueleza kwa kinywa chake mbele ya mwanasheria na mashahidi. Daktari aandike siku hiyohiyo kwamba amemwona na anaelewa anachokifanya. Mkisubiri mpaka avuke, kila karatasi atakayoiweka kidole itapelekwa mahakamani. Kaeni kikao, baba awepo, aongee yeye kwanza.

Binti_wa_Temeke

Nimemsomea baba hiki ulichoandika. Kasema mwanasheria aje nyumbani, na kaka yangu alete viti.